Maandishi ya Zafarani

Wiki iliyopita wifi yangu aliroweka zafarani ya biriani katika kikombe, na harufu yake ikanifuata hadi chumba cha pili, nilikokuwa nimetandaza turubai ya kuchorea sakafuni. Kazi haikuendelea tena mchana ule. Nilikuwa nimekwisha rudi ukumbini kwa babu, Malindi, Unguja, usiku ambao mdogo wangu alishikwa na homa hata akawa hatutambui.

Babu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na watu walimjia kuandikiwa kombe, aya zinazooshwa kwa maji ili mgonjwa ayanywe. Usiku ule niliitwa nimshikie taa, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Alitia udhu, akaketi juu ya msala, akapakata sahani nyeupe ya kauri. Zafarani aliikoroga kwa marashi ya mawaridi, akachovya kalamu ya mwanzi, akaandika Ayatul Kursiy kwa mzunguko, kutoka ukingoni kuelekea katikati, bila kuinua uso. Pale wino ulipojaa, rangi ilikuwa nyekundu iliyokoza. Pale ulipopungua, ilikuwa njano tupu.

Kisha akamimina maji. Nukta ndizo zilizotangulia kuondoka. Baada yake vichwa vya mim na waw vilijaa vikaziba, na mikia ya herufi ikabanduka kwenye kauri, ikaelea kidogo huku ingali na umbo lake, kisha ikatanuka na kuyeyuka. Babu aliinamisha sahani upande huu na upande huu, taratibu, na kwa muda mfupi palikuwa na kitu ambacho hakikuwa tena maandishi wala hakijawa bado maji ya rangi. Nilitamani asimame hapo. Hakusimama, aliizungusha sahani hadi ikabaki nyeupe, akayamimina maji yale katika gilasi.

"Babu, maneno yamekwenda wapi?"

"Yamo."

"Yote?"

"Yote, mjukuu wangu. Mpelekee mwenzio anywe, na mwambie apige bismillahi."

Mdogo wangu alipona. Mchana wake alikuwa amechomwa sindano hospitali, na nyumbani kwetu hakuna aliyeona haja ya kuzigawa shukrani.

Wanaoniuliza nilikojifunza sanaa dhahania, ile isiyochora umbo la kitu kinachotambulika, hutarajia nitaje Ulaya, na wengine hushangaa kwa nini sikushika michoro ya mtindo wa Tingatinga, ambayo hapa mjini haikosi mnunuzi. Mtu aliyenipa ujasiri ni Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, ambaye baba yake alikuwa na chuo cha Kurani nyumbani. Alisoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, kuanzia mwaka 1954 hadi 1957, akarudi Khartoum kuonyesha kazi zake, na watu wa kwao wakazipa mgongo. Ndipo alipoanza kutia maandishi ya Kiarabu pembeni mwa picha, na baadaye kuzivunja herufi zenyewe, hadi katika vipande vyake zikamtokea sura za wanyama, mimea na watu. Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka sahani ya babu, nikajua kwamba nina mahali pa kuanzia.

Hadi leo huanza kwa kuandika. Aya za Kurani siziandiki kamwe, kwa sababu turubai hulala chini na hatimaye huuzwa nisijue itatundikwa wapi. Huandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kama alivyonifundisha babu: majina ya pepo, kaskazi na kusi na matlai, au maneno ambayo bibi alikuwa akimwambia mtu anayesafiri. Huandika kwa rangi ya akriliki niliyoizimua sana, kisha humwaga maji kabla haijakauka, kwa kuwa ikishakauka haiyeyuki tena. Wakati wa kaskazi nafasi hiyo ni finyu mno. Wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, huweza kuinamisha fremu mara nyingi, nikiitafuta ile hali niliyotamani babu asimame nayo. Nikiiona, huilaza turubai na kutoka nje, nisije nikaigusa tena.

Mdogo wangu, ambaye sasa ana watoto, ananihimiza niandike kwa kalamu nyuma ya kila picha maneno yaliyokuwamo, ili mnunuzi ajue alichokipata. Nimelifikiria sana jambo hilo. El-Salahi aliziingiza herufi ili watu wake wazisogelee picha, nami ninaziondoa. Babu aliposema kwamba maneno yamo, yeye aliandika kwa nia na mgonjwa alikunywa kwa nia. Anayesimama mbele ya picha yangu hana habari kwamba hapo paliwahi kuandikwa neno. Picha mbili nimeziandika nyuma kama alivyotaka. Zilizobaki bado zimeegemea ukutani, nami kila nikiichukua kalamu sina hakika kama ninamsaidia mtazamaji au ninakanusha alichoniambia babu.