Skrini nyeusi baada ya sasisho

Sasisho limekwisha, mashine imezimwa na kuwashwa tena, na pale palipokuwa na eneo-kazi pamebaki weusi na kijistari kinachopepesa. Nimeona niandike taratibu kuhusu hali hii kwenye Ubuntu na Debian, ambayo ni mifumo ya Linux, maana inaniuma kuona watu wanafuta diski na kusakinisha mfumo upya ilhali faili zao zote zi salama na mfumo wenyewe ungali hai.

Eneo-kazi huja mwisho kabisa. Kwanza GRUB (programu inayochagua mfumo wa kuwasha), kisha kerneli (kiini cha mfumo), kiendeshi cha kadi ya michoro, skrini ya kuingia, ndipo lenyewe lifunguke. Ukijua safari imekatikia wapi, nusu ya kazi umeimaliza. Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Maandishi yakikuomba jina na nenosiri, kerneli imefika salama na hitilafu iko mbele yake. Nenosiri halionyeshi hata nukta unapoliandika; liandike tu, ubonyeze Enter.

Usirekebishe chochote kabla ya kuendesha `df -h`, amri inayoonyesha nafasi iliyotumika kwenye diski. Angalia asilimia za `/` (mfumo wote), `/boot` (makao ya kerneli) na `/home` (faili zako). `/boot` ikijaa, kerneli mpya hukosa initramfs (faili ya kuanzishia mfumo) iliyokamilika na mashine hukwama mapema, hata hiyo F3 huipati. Hapo shikilia Shift wakati wa kuwasha, au gusa Esc kwenye mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia, uliorithi BIOS), uchague kerneli ya zamani ndani ya «Advanced options». Ukishaingia, `sudo apt autoremove --purge` huondoa kerneli zilizopitwa na wakati, kisha `sudo update-initramfs -u -k all` na `sudo update-grub`. Usifute kwa mkono kerneli inayotajwa na `uname -r`, yaani ile inayotumika sasa. Hiyo ndiyo iliyokubeba.

Nafasi ikiwepo, maliza kilichokatika katikati: `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt -f install`. Kisha soma mwisho wa `/var/log/apt/history.log`. Faili hii haithaminiwi inavyostahili. Mstari wa «Remove:» hutaja kila kifurushi kilichong'olewa wakati wa sasisho, na mara nyingine utakuta `ubuntu-desktop` (eneo-kazi lenyewe) au `gdm3` (skrini ya kuingia) imo humo. Basi dawa ni kuvirudisha kwa `sudo apt install`.

Kadi za michoro za NVIDIA zinahitaji subira zaidi. Moduli ya kiendeshi chake hujengwa kwa ajili ya kerneli moja mahususi. Kerneli ikibadilika, nayo lazima ijengwe upya. Vichwa vya kerneli mpya (headers, faili zinazohitajika kuijenga) visipokuwepo, ujenzi hushindikana na skrini haina wa kuichora. Endesha `dkms status` (dkms ndiyo zana inayojenga moduli hizo) ulinganishe namba ya kerneli na ile ya `uname -r`. Zisipolingana, sakinisha `linux-headers-$(uname -r)`, kisha `sudo dkms autoinstall`. Zikilingana lakini `sudo modprobe nvidia` inajibu «Key was rejected by service», hapo Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zenye sahihi inayoaminika tu wakati wa kuwasha, imeikataa sahihi ya moduli. Mara nyingi ni kwamba ile skrini ya bluu ya MOK (ya kusajili ufunguo wa sahihi hiyo) ilitokea wakati wa kuwasha, na mtu akaipita bila kuchagua «Enroll MOK». Kama huoni kitu chochote kabisa, bonyeza `e` kwenye GRUB, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha F10. Picha itakuwa duni, lakini utaweza kufanya kazi, na badiliko hilo hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu.

Kuna sura nyingine: skrini ya kuingia ipo, nenosiri linakubaliwa, skrini inapepesa, unarudishwa palepale. Hapa kiendeshi cha kadi si cha kwanza kulaumiwa. Angalia kama `/home` imejaa. Angalia pia `ls -l ~/.Xauthority`: ikiwa mmiliki ni root (msimamizi mkuu wa mfumo) badala yako, kikao cha Xorg (programu ya zamani ya kuchora skrini) huenda kisifunguke mpaka uirudishe kwa `sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`. Kwenye GNOME, eneo-kazi la kawaida la Ubuntu na Debian, shuku nyongeza (extensions). Toleo la 45 la mwaka 2023 lilibadilisha namna zinavyopakiwa, hivyo za awali zililazimika kuandikwa upya. Ziweke kando:

`mv ~/.local/share/gnome-shell/extensions ~/nyongeza-za-zamani`

halafu `sudo systemctl restart gdm3`.

Bado? Tengeneza mtumiaji wa muda kwa `sudo adduser jaribio` uingie naye. Eneo-kazi likimfungukia, mfumo mzima ni mzima na kasoro iko ndani ya mipangilio yako. Hamisha `~/.config` badala ya kuifuta, ingia, kisha rudisha folda zake chache chache mpaka ile mbovu ijitokeze. Lisipomfungukia, rudi F3 usome `journalctl -b -p err`, orodha ya makosa tangu mashine iwashwe, kuanzia juu: kosa la kwanza ndilo la kufuatilia, kwani yanayofuata mara nyingi limeyazaa lenyewe.