Menyu Kunjuzi Moja kwa Fomu Nzima

Fomu ya mizigo ninayomtengenezea msafirishaji mmoja hapa Kigoma ina menyu kunjuzi nne, yaani orodha zinazofunguka ukizibofya ili uchague kimoja: bandari ya kushushia, aina ya mzigo, na mkoa na wilaya anakotoka mwenye mzigo. Kila moja ingeweza kuandikiwa msimbo wake, lakini siku mteja anapotaka maandishi yakuzwe au rangi ya onyo ibadilishwe, kazi hurudiwa kote, na aghalabu pana mahali pamoja husahaulika. Ndiyo maana nimeandika komponenti moja, yaani kipande cha msimbo kinachojitegemea, inayotumika kote.

Komponenti hiyo haijui lolote kuhusu bandari wala wilaya. Hupewa lebo, orodha ya machaguo, thamani iliyochaguliwa kwa sasa, na fankisheni (msimbo wa kufanya kazi fulani) ya kuita mtumiaji anapobadili chaguo. Ikipewa Bujumbura, Kalemie na Mpulungu itaonyesha bandari. Ikipewa dagaa, mawese na chumvi itaonyesha mizigo. Thamani hutunzwa na fomu, si menyu, na faida yake huonekana mtu anapobadili mkoa kutoka Kigoma kuwa Tabora: fomu huifuta wilaya iliyokwisha kuchaguliwa na kuipa menyu ya wilaya orodha mpya yenye Nzega, Igunga, Urambo na nyinginezo, isije Kibondo ikahifadhiwa chini ya Tabora.

Kila chaguo nimelipa vitu viwili, yaani jina linalosomwa na mtu na namba ya utambulisho inayohifadhiwa. Huku kwetu hilo si la hiari, kwa kuwa Kigoma ni jina la mkoa na pia la wilaya, na Kasulu ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Ikumbukwe pia kwamba kivinjari huirudisha thamani ya menyu ikiwa maandishi hata kama uliiweka namba, hivyo anayelinganisha 7 na "7" kwa alama tatu za usawa (===), zinazoangalia pia aina ya thamani, katika JavaScript, lugha ya programu za kivinjari, ataambiwa hazilingani.

Ndani yake nimebakiza elementi ya select, yaani menyu kunjuzi ya kivinjari chenyewe, iliyokuwamo tangu toleo la 2.0 la HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) la mwaka 1995. Wabunifu wengi huikwepa kwa sababu haipambiki kirahisi, wakajiundia menyu yao kwa div, kisanduku kitupu cha HTML. Kwa maoni yangu urembo huo ni ghali mno. Select huja tayari na mishale ya kibodi, kuruka hadi chaguo kwa kuandika herufi zake za mwanzo, na kueleweka na visoma skrini, yaani programu zinazowasomea wasioona. Kwenye simu hufungua kichaguzi cha simu yenyewe, ambacho karani wa bandarini amekwisha kukizoea. Anayejiundia yake hana budi kuyaandika hayo yote upya, na wachache huyamaliza.

Chaguo la kwanza, "Chagua wilaya", lina thamani tupu, na kwa sifa ya required, inayofanya kuchagua kuwe lazima, kivinjari huzuia fomu isitumwe mpaka mtu achague. Orodha ikiwa ndefu mno, mathalani kata zote za mkoa, menyu kunjuzi haifai tena. Hapo naweka kisanduku cha kutafutia, ambacho ni komponenti yake peke yake.