Tiketi ya Mgeni Pauni 30

Kila Jumamosi mdogo wangu aliyeko Mbagala hunitumia ujumbe uleule: "Braza, leo uko uwanjani? Nakutafuta kwenye TV sikuoni." Huu mwaka wa sita niko Uingereza, na kwa hesabu za watu wa nyumbani, anayeishi Uingereza anaamka, anakunywa chai, anaingia uwanjani. Nikimwambia nimeingia mara mbili tu tangu nifike, anaona kuna kitu namficha.

Basi leo nitoe hesabu hadharani. Timu yangu siitaji, maana nusu yenu mtaacha kusoma hapahapa.

Mara ya kwanza nilikaa upande wa wenyeji. Unaanza kwa kulipia uanachama wa mwaka, mimi nililipa pauni 35, na uanachama wenyewe haukupi kiti, unakupa ruhusa ya kupanga foleni. Foleni ni ya mtandaoni. Unaingia asubuhi, unaambiwa mbele yako kuna watu 11,000 na ushee. Unaenda kuosha vyombo, unarudi, 9,000. Siku niliyobahatika nililipa pauni 58 kwa kiti cha chini ya paa, wachezaji nawaona kama punje za mchele. Majirani zangu wengi walikuwa watalii, wanapiga picha kuliko wanavyotazama mpira. Mmoja alivaa skafu yenye rangi za timu zote mbili, nusu kwa nusu. Nikawaza mtu aingie Kwa Mkapa na skafu nusu Simba nusu Yanga, atatokea mlango gani?

Tiketi ya mgeni ndiyo yenye kisa. Tangu msimu wa 2016/17 klabu za Ligi Kuu ya England zimekubaliana kwamba shabiki anayeifuata timu yake ugenini hatozwi zaidi ya pauni 30, uwanja wowote. Huruma haikuwamo. Januari 2013 mashabiki wa Manchester City waliambiwa walipe pauni 62 kwenda kwa Arsenal, na tiketi 912 zikarudishwa bila kupata mnunuzi. Mashabiki wa timu zisizopikika chungu kimoja wakaungana kudai tiketi ya mgeni iwe pauni 20. Halafu Februari 2016, Liverpool walipotangaza kwamba msimu ujao kutakuwa na tiketi ya pauni 77, watu walisubiri dakika ya 77 ya mechi na Sunderland, wakainuka kwa maelfu, wakaondoka. Liverpool walikuwa wanaongoza mbili bila. Mechi ikaisha mbili mbili. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi, bei ile ikafutwa. Mwezi uliofuata ndipo klabu zote zikakubali hicho kikomo cha 30. Na wangekataaje, wakati mkataba mpya wa televisheni wa zaidi ya pauni bilioni 5 kwa misimu mitatu ulikuwa mlangoni?

Kwa hiyo siku hizi mgeni analipa kidogo kuliko mwenye nyumba. Novemba 2024 Manchester United walitangaza kwamba tiketi zilizosalia kwa wanachama kwa mechi za ligi msimu ule ni pauni 66, bila punguzo kwa mtoto wala mzee. Aliyesafiri kuja kuwazomea, pauni 30. Kwetu pia mgeni huchinjiwa kuku, lakini mtoto wa nyumba hatumwi akamnunue kuku huyo! Kwa Mkapa walau mzunguko ni mzunguko. Ukilipa buku tano yako, hakuna anayekuuliza mwenyeji ni nani, na watani wenyewe wakikutana, wote wawili ni wa Dar, huo ugenini uko kwenye ratiba tu.

Usikurupuke kukata tiketi ya ndege, lakini. Viti vya wageni ni 3,000, au asilimia 10 ya uwanja kama hiyo ni ndogo zaidi, na vinagawiwa kwa pointi: umeifuata timu safari ngapi? Bila pointi hupati tiketi, na bila tiketi hupati pointi. Kuna wazee wanasafiri na timu tangu miaka ya sabini. Hawaumwi, hawachoki, na wakistaafu kazi ndiyo kwanza wanapata nafasi.

Mimi niliokolewa na mmoja wao. Tunafanya naye kazi ghala moja, na mwanawe alikuwa na harusi siku ya mechi. Akaniuzia tiketi kwa pauni 30 zilezile, hakuongeza hata senti, nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimejiandaa kulanguliwa.

Mechi ilipangwa Jumamosi. Nikakata treni ya bei chee, pauni 41, hairudishwi. Wiki mbili baadaye televisheni ikaihamishia Jumatatu saa mbili usiku, na usiku huo treni ya mwisho inaondoka mpira haujaisha. Tukaenda na basi la mashabiki, pauni 38. Pai na chai, pauni 9. Jumlisha na ile 30 unapata 118, kama laki nne za kwetu, na zamu ya Jumanne asubuhi sijaihesabu, kwa sababu sikwenda.

Tulifungwa mbili bila. Tulisimama dakika zote tisini ilhali viti vipo, tukaimba mpaka sauti ikakauka. Upande wa pili wa mstari wa walinzi alikuwepo baba na mwanawe, wamekaa kimya, nami nikawa nawapigia hesabu ya walicholipa. Halafu uwanja mzima ukaanza kutuimbia turudi kwetu. Mzee mmoja aliyesimama kando yangu, mzaliwa wa hukuhuku, akanigeukia: "Leo na mimi naambiwa."

Tangu hapo sijaenda tena. Jumamosi iliyopita timu yangu ilicheza saa tisa alasiri, uwanja uko vituo vinne vya treni kutoka ninapoishi. Tiketi sikupata. Na kwenye TV usitafute: huku Jumamosi kuanzia saa tisa kasorobo hadi saa kumi na moja na robo hairuhusiwi kuonyesha mpira mubashara, eti watu waende viwanjani, timu ndogo zisikose mashabiki. Mbagala ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na mdogo wangu alikuwa kibanda umiza, amelipa mia tano. Nikampigia. Nikaweka simu mezani jikoni, nikaanza kumenya viazi.

"Kona," akasema. "Subiri, subiri, wanaipiga."