Sikununua muhuri, nilimleta mwenye leseni

Nilipokuwa nakamilisha nyumba yangu Mabatini, Mwanza, karibu kila niliyemuuliza alinishauri nimtafute kijana yeyote atandaze nyaya, kisha nimlipe mwenye muhuri agonge mchoro wa kupeleka TANESCO. Ushauri huo unanikera hadi leo. Leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hupewa mtu kwa daraja lenye mipaka ya kazi, na anayetia saini ndiye anayejibu nyumba ikiungua. Asipofika kuikagua, muhuri wake haumlindi mwenye nyumba.

Kijana niliyeanza naye alinyoosha soketi vizuri sana, lakini kwenye ethi rodi, ile fimbo ya chuma inayozamishwa ardhini kupeleka umeme unaovuja, mambo yakamgomea. Mlima wetu ni mawe matupu. Rodi iligota mwamba ikiwa haijazama hata nusu, akaigonga kwa nyundo mpaka kichwa kikachanua, kisha akachukua msumeno wa chuma aikate iliyobaki juu na kuifunika kwa saruji. "Dada, wakaguzi huwa hawafukui," akaniambia. Nikamlipa alichofanya, tukaachana.

Nikaanza kuwapigia wenye leseni na sharti moja: hakuna saini kabla ya kupima mwenyewe, nami nikiwepo. Wapo waliokata simu. Aliyekubali ni mzee mmoja ambaye hakukasirika nilipotazama jina, daraja na tarehe ya mwisho ya leseni yake, wala nilipokwenda kumuulizia EWURA, ambao wana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza.

Alizunguka kiwanja kizima kabla hajachagua nyuma ya bafu, penye udongo wenye unyevu katikati ya mawe. Rodi ya kwanza ilizama yote, lakini kipimo cha ukinzani wa ethi, ambacho kikiwa kidogo ndiyo bora, hakikumridhisha, akaongeza ya pili mbali kidogo na kuziunganisha kwa waya wa shaba, ndipo kipimo kikashuka. Alinieleza kwamba ethi ikiwa mbovu, friji lenye hitilafu linaweza kubaki na umeme kwenye bati lake bila sakiti breka kukata. Kisha akafungua soketi moja baada ya nyingine, na ile ya jikoni tukaikuta waya wake wa ethi umekunjwa nyuma, haukufungwa popote.

Gharama ilizidi bei ya muhuri kwa laki na ushei, nami niliilipa kwa moyo mweupe. Nakala ya fomu yenye namba ya leseni yake ninayo, na fundi yeyote atakayekuja kuongeza soketi ataonyeshwa kwanza rodi hizo mbili zilipo.