Kanda ya MTV imetoa tarehe: ni Jun, si Jul

Imesoma! Ile kanda ya VHS yenye karatasi iliyoandikwa "MTV – USIFUTE" imetoa tarehe yake jana usiku: Jumapili, 29 Juni 1997. Siku mbili tu kabla ya MTV kuitenga Uingereza na chaneli ya Ulaya nzima. Kwa hiyo kilichomo ndani ni MTV Europe, si MTV UK, na ubishi wangu na binamu umekwisha. Yeye ndiye aliyeirekodi kule Leicester, Uingereza, na miaka yote hii ameshikilia kwamba ni siku ya kwanza ya MTV UK.

Mnaofuatilia mradi huu mnazijua hizi kanda: shangazi alikuwa akituletea Mombasa kila akija likizo. Habari za kuvu, spiriti na kusafisha vichwa vya deki nilishazimaliza huko nyuma. Leo ni tarehe tu, maana tarehe ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nembo ya pembeni haikusaidii kitu. M ile kubwa ni ileile tangu 1981 Marekani; wanaibadilisha rangi na mavazi kila dakika lakini umbo halibadiliki, mpaka Februari 2010 walipoyaondoa maneno "Music Television" chini yake. MTV Europe ilianza 1 Agosti 1987 kwa sherehe Amsterdam, na tangu hapo hadi mwisho wa miaka ya tisini ukitazama kona ya kioo huwezi kujua uko mwaka gani. Matangazo ya biashara yalinipa fununu: kuna moja lenye namba za simu za nchi kadhaa zimepangana, Uholanzi, Ujerumani, Sweden. Hiyo ni dalili ya chaneli moja inayouzia bara zima. Lakini dalili si tarehe, na binamu si mtu wa kushawishiwa kwa dalili.

Ikabaki teleteksti, yaani zile kurasa za maandishi zilizokuwa zikirushwa pamoja na picha ya televisheni. Kila ukurasa wa teleteksti una mstari wa juu kabisa wenye jina la huduma, namba ya ukurasa, siku, tarehe na saa. Mstari huo haumo kwenye picha unayoiona; unapita kwenye mistari iliyofichwa juu ya picha, na deki ya VHS huunasa bila wewe kujua. Shida ni kwamba huunasa vibaya. Teleteksti hupeleka biti (yaani 0 au 1) milioni 6.9375 kwa sekunde, yaani kila biti moja ina nanosekunde kama 144 tu. VHS haiwezi kushika mabadiliko ya haraka kiasi hicho, uwezo wake unaishia karibu na megahezi 3. Mfululizo wa 0101 unahitaji megahezi 3.47. Matokeo yake, popote biti zinapopishana moja moja, kanda inakurudishia mstari ulionyooka kama uji uliomwagika mezani. Biti zinazofuatana kwa jozi, 11 au 00, ndizo zinazosalimika.

Natumia programu ya vhs-teletext kwenye Linux, na kadi ya zamani ya kunasia picha, Bt878, ndani ya kompyuta ya mezani ambayo kila fundi aliyeiona ameniambia niitupe. Siitupi. Vile vijiti vya USB vya kunasia picha vinavyouzwa kila duka havigusi mistari iliyofichwa, vinaikata kabla hata haijafika kwenye programu. Na deki zile za bei kali zenye saketi ya TBC (ya kurekebisha picha inayotikisika), ambazo kila mtu anazisifu, ndizo mbaya zaidi kwa kazi hii: zinanyoosha picha vizuri sana, lakini kwa kufanya hivyo zinaisafisha ile mistari na teleteksti yote inakwenda na maji. Deki bora kwa picha ni deki mbovu kwa tarehe. Mimi nimeamua kuendesha kanda kwa njia zote mbili, kwanza deki ya kawaida kwa ajili ya data, kisha ile ya TBC kwa ajili ya macho.

Programu ilipata namba 29 bila taabu. Mwezi ndio uliokuwa vita. Mara inasema Jun, mara Jul, mara Jun tena, na tofauti ya hizo mbili ndiyo tofauti ya MTV Europe na MTV UK! Tazameni biti zenyewe, kwa mpangilio zinavyorushwa, ya mwisho ikiwa biti ya ukaguzi, inayowekwa ili idadi ya moja katika kila herufi iwe witiri:

n = 01110110
l = 00110111

Biti mbili tu. Ya pili kutoka mwanzo, na ile ya ukaguzi mwishoni ambayo imebadilika kwa sababu ya hiyo ya pili. Kwenye VHS, 0111 na 0011 zinatofautiana kwa upana wa kilima kimoja, na kilima chenyewe kinatikisika kila mstari kwa sababu mkanda hauendi kwa mwendo mmoja. Nilibadilisha usawazishaji wa kanda, nikabadilisha deki, nikapunguza na kuongeza mwanga wa ishara. Jun. Jul. Jun. Nilifika mahali nikaichukia herufi n.

Nikaugeukia upande wa siku ya wiki. 29 Juni 1997 ilikuwa Jumapili, 29 Julai 1997 ilikuwa Jumanne. Kwa hiyo sikuhitaji n wala l, nilihitaji kujua kama pale mwanzo pameandikwa Sun au Tue. Lakini sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa imechafuka kupita zote, programu ilikuwa inatoa nyota na alama za kuuliza.

Kilichofungua mlango ni vitu viwili. Kwanza, nikaacha kumwomba mashine asome mstari mmoja mmoja. Saa inabadilika kila sekunde lakini siku na tarehe hazibadiliki katika kipindi kizima, kwa hiyo nikachukua mistari yote ya vichwa vya kurasa, nikaipanga kwa zile biti za mwanzo za kuweka mapigo, nikaitafutia wastani kabla ya kusoma chochote. Fujo ikatulia. Pili, nikatengeneza kanda ya mazoezi: Raspberry Pi, kompyuta ndogo, kupitia programu ya raspi-teletext inarusha teleteksti ninayoijua herufi kwa herufi, deki inarekodi, kisha narudisha nione deki imeiharibu vipi. Ukishajua jinsi deki yako inavyoharibu, unaweza kuuliza swali kinyume: kama hapa paliandikwa Sun, uharibifu ungekuwa na sura gani?

S ni 11001011. T ni 00101010. Mnaona? T karibu yote ni biti za kupishana, kwenye VHS ingelala chini kabisa. S inaanza na 11 kisha 00, kilima kipana na bonde pana. Na kwenye wastani wangu kilima kilikuwepo, kimesimama wazi. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Ila Sat nayo inaanza na S, na 29 Juni 1996 ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo nisingeweza kulala hapo. Herufi ya pili: a ni 10000110, sufuri nne mfululizo, bonde refu ambalo hata VHS mbovu haiwezi kulificha. u ni 10101110, haina bonde. Yangu haikuwa na bonde. Jumapili ya tarehe 29 Julai ingekuwa 1990 au 2001, na dishi la shangazi lilipandishwa ukutani 1994 likashushwa kabla ya 2000. Basi. Sun 29 Jun, mwaka 1997. Nilimpigia binamu simu usiku uleule. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Haya ndugu yangu, lakini kesho yake ndiyo walianza kututangazia kwa lafudhi yetu." Nikamwambia kesho kutwa, kaka, si kesho.

Kwa nini nimehangaika hivi kwa siku mbili za kalenda? Kwa sababu hapo ndipo historia nzima inapogeuka. Wazo la MTV Europe lilikuwa chaneli moja, Kiingereza kimoja, kuanzia Ureno hadi Ufini, makao yake London. Kuanzia 1993 wakakaa kwenye lile jengo la Camden lililokuwa la TV-am, kituo cha televisheni ya asubuhi, lenye vikombe vya mayai juu ya paa. Desemba 1993 Wajerumani wakaanzisha Viva, ikazungumza Kijerumani na kupiga muziki wa nyumbani, na ikaonekana kwamba bara si soko moja. Uingereza kwenyewe The Box ilikuwa hewani tangu 1992, haina watangazaji, mtazamaji anapiga simu kuchagua wimbo na gharama inaingia kwenye bili. MTV ikalazimika kujigawa. Ilipopata Uingereza peke yake tarehe 1 Julai 1997, na Sky ya dijitali, televisheni ya setilaiti, ilipoingia Oktoba 1998 na nafasi tele, chaneli zake zikaanza kuzaliana: M2, kisha 1999 MTV Base na MTV Extra, 2001 MTV Dance.

Hapo nikapotea njia, nakiri kwa furaha. Mpango ulikuwa leo nianze kurekebisha rangi za kanda na kuandika orodha ya nyimbo. Badala yake nimetandika karatasi ya manila sakafuni nachora ukoo wa majina. Nilijaribu Graphviz, programu ya kuchora michoro, lakini inapenda mno kupanga mambo kwa usawa na ukoo huu hauna usawa. Kalamu ya rangi inatosha.

Uamuzi mgumu ni huu: mstari ufuate jina au ufuate nafasi? Nimeamua nafasi. Jina ni nguo tu, nafasi ya matangazo na mwenye mali ndio mwili. Kwa kanuni hiyo M2 ikawa MTV2, ikawa MTV Rocks mwaka 2010, ikafungwa 2020. MTV Extra ikawa MTV Hits mwaka 2001. MTV Dance ikawa Club MTV mwaka 2018. VH2 ya 2003 ikawa MTV Flux mwaka 2006, enzi za kila mtu kutaka video za watazamaji, na 2008 ikawa MTV +1, yaani MTV ileile ikichelewa saa moja. Huo ndio mstari unaoniuma kuliko yote: chaneli ya gitaa imeishia kuwa mwangwi.

Mstari ninaoupenda ni wa TMF. Oktoba 2002 Freeview, televisheni ya bure ya antena, ilipoanza, muziki ukaingia nyumba ambazo hazikuwa na dishi, na TMF ya MTV ilikuwemo pamoja na The Hits ya Emap, kampuni ya magazeti na redio. TMF ni jina la Uholanzi, lilikuwa la mshindani ambaye MTV ilimnunua. Oktoba 2009 wakalivua wakavaa Viva, jina la yule mshindani wa Ujerumani, naye keshanunuliwa. Chaneli moja ya Uingereza, majina mawili, yote ya wapinzani walioshindwa na pesa. Ilifungwa Januari 2018.

Upande wa Emap majina yalitoka kwenye rafu ya magazeti na redio: Kerrang!, Smash Hits na Q ni magazeti, Kiss na Magic ni redio. Channel 4 ilipoingia ubia nao mwaka 2007, Agosti 2008 The Hits ikawa 4Music. Na tarehe 25 Septemba 2021 mfumo wa kuzima moto ukafyatuka katika kituo cha Red Bee Media, kampuni inayorusha matangazo ya chaneli za wengine, pale White City, London. Mshindo wa gesi ukaziharibu diski, na chaneli za Box, yaani za ubia huo, zikapotea hewani kwa siku kadhaa. Wanaonicheka na kanda zangu wakumbuke hilo. Juni 30, 2024 zikafungwa zote kwa mpigo: The Box, 4Music, Kerrang!, Kiss na Magic. Na 31 Desemba 2025 MTV ikazima Uingereza MTV Music, MTV 80s, MTV 90s, Club MTV na MTV Live.

Sisi huku jina tunalolijua zaidi ni Base, tukidhani ni letu tangu mwanzo. MTV Base ya Afrika ilianza 22 Februari 2005, na video ya kwanza ilikuwa African Queen ya 2Face. Lakini jina lilikuwa na miaka karibu sita London kabla halijafika kwetu. Nimelichorea tawi lake, linatoka nje ya karatasi na kuingia kwenye manila ya pili.

Kwenye karatasi pana shimo moja linalonisumbua, juu kabisa kushoto: The Power Station, chaneli ya muziki ya BSB, kampuni ya televisheni ya setilaiti, iliyokuwa hewani kuanzia Machi 1990 hadi Aprili 1991, ile iliyopokelewa kwa dishi bapa la mraba na ambako mtangazaji Chris Evans alianzia televisheni. Sina hata dakika moja ya kanda yake. Kama mna jamaa aliyekuwa Uingereza wakati ule na ana kanda kabatini, tafadhali msiipeleke kwa mtu mwenye deki ya TBC wala kijiti cha USB. Niandikieni kwanza, nauli ya kanda nalipa mimi.