Mlango wa kurudi nyumbani

Mjomba wangu alikuwa na mikanda ya video iliyochakaa, na katika mmoja wake mlikuwa na sehemu chache za katuni ya Dungeons & Dragons, ile ya vijana sita wanaopanda gari la burudani katika bustani ya burudani na kujikuta katika ulimwengu wa mazimwi. Niliutazama mkanda ule hadi ukabaki chenga tupu. Mwaka huu nimeuleta ulimwengu huo mezani, hapa Kirumba, Mwanza, kwa ndugu na majirani watano wanaokutana kwangu kila Jumamosi jioni kucheza mchezo wa kuigiza wahusika kwa maneno na dadu.

Nilidhani kazi ingekuwa nyepesi, kwa kuwa katuni yenyewe ilizaliwa na mchezo wa mezani wa jina hilohilo. Mchezo huo wa Gary Gygax na Dave Arneson ulitoka mwaka 1974, na katuni ikarushwa Marekani kuanzia 1983 hadi 1985, sehemu 27 kwa jumla. Kumbe ugumu uko kwingine. Katika katuni za wakati ule, sehemu ikiisha karibu kila kitu hurudi mahali pake, na wiki inayofuata mashujaa huanza upya bila kovu. Mtoto aliyeketi mbele ya televisheni huridhika na hilo. Mchezaji anayefanya uamuzi mwenyewe haridhiki, kwa sababu uamuzi usio na gharama humchosha upesi.

Kwa hiyo sikuwachukua wale vijana sita, bali nilichukua swali lao. Mara kadhaa mlango wa kurudi kwao hufunguka, nao huuacha ili wamwokoe mtu aliye hatarini. Sehemu ya mwisho iliandikwa lakini haikutengenezwa, hivyo katika kipindi chenyewe hawakuwahi kufika nyumbani. Hapo ndipo nilipoona nafasi yetu.

Wahusika wetu walipanda kivuko cha Kamanga asubuhi yenye ukungu, na ng'ambo waliyofika haikuwa Sengerema. Sikutaka kivuko kizame. Katika mji uliopoteza watu wengi kiasi kile kwa MV Bukoba mwaka 1996, hilo siwezi kulifanya mchezo, na mezani kwangu wapo waliofiwa.

Jirani mmoja alishauri kwamba Venger, mchawi mwenye pembe moja, tumgeuze kuwa Shing'weng'we, zimwi wa hadithi za Kisukuma. Nilikataa, ingawa nililipenda wazo. Shing'weng'we humeza watu wote hadi shujaa Masala Kulangwa anapozaliwa na kukua. Venger anataka silaha za vijana, kwa hiyo anaweza kushawishi, kuahidi na kupatana. Mwenye njaa na mwenye tamaa hawaendeshwi kwa namna moja.

Dadu za pande 20 za mchezo ule hazipatikani kwa urahisi hapa, nasi tunatumia mbili za ludo, kwa kanuni iliyoenezwa na mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010: jumla ya 10 au zaidi ni kufaulu, 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama, 6 kushuka chini ni msimulizi kuleta balaa. Katika matokeo 36 yanayowezekana, 15 huangukia katika kufaulu kwa gharama na 6 tu katika kufaulu kamili. Hesabu hiyo ndiyo iliyoiponya katuni yangu, kwa kuwa sasa ngao hukinga na hupasuka.

Jumamosi iliyopita mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu hivi kwamba nililazimika kupaza sauti: mlango uko wazi, mnaliona gati la Kamanga, lakini mvuvi aliyewahifadhi bado amefungwa kambini kwa Venger. Hakuna aliyegusa dadu. Binamu yangu, msichana wa miaka kumi na tano, aliigeuza karatasi ya mhusika wake kifudifudi, akaishikilia kwa kiganja, kisha akasema, "Mama yake anamsubiri. Anaingia." Kaka yake alibaki, na wenzake watatu wakabaki naye.

Kikao kijacho binamu ataanza na mhusika mpya, na ameniomba awe binti wa yule mvuvi.