Musa kichwa chini: wiki ya tano ya nakala yangu ya Tiepolo

Wiki hii nimemkwangua Musa mara mbili. Jumapili jioni ndiyo kwanza kakaa.

Kwa aliyeingia leo: nanakili "Kuokotwa kwa Musa" ya Giovanni Battista Tiepolo wa Venice, kazi ya miaka ya 1730 ambayo sasa iko Edinburgh, Uskoti. Yenyewe ni kubwa, kama sentimita 202 kwa 342. Yangu kila upande ni robo tu, 50 kwa 85, rangi ya mafuta juu ya turubai, miraba ya penseli ya sentimita 5.

Kisa ni cha kitabu cha Kutoka katika Biblia, sura ya pili, ila Misri usiitafute humu. Binti Farao kavaa gauni la manjano la bibi tajiri wa Venice wa karne ya 16, maana Tiepolo alimhusudu mchoraji Paolo Veronese, aliyefariki 1588. Gauni hilo peke yake limenila wiki tatu. Kivuli chake nilikuwa nakitia kahawia, likawa linafanana na gunia la mkaa. Nilipochanganya manjano na zambarau kidogo sana, hariri ikaonekana.

Sasa Musa. Nimezoea kumwona amelala kwenye kisafina, mtulivu kama picha ya kalenda. Tiepolo kamweka mikononi mwa mjakazi, kichwa chini miguu juu, mdomo wazi, analia. Kutoka inasema mtoto alikuwa analia, basi analia kweli.

Nikajifanya mjanja, nikaigeuza turubai ili nimchore akiwa wima. Uso ukatoka mzuri, hata mdomo, ambao kwangu hauzidi punje ya mahindi. Nilipoirudisha turubai, mtoto hana uzito! Kama kabandikwa kwa gundi. Mashavu hayakushuka, tumbo halikuvutwa. Binti yangu akauliza, "Mama, huyu mtoto ni mdoli?" Nikachukua kisu.

Mara ya pili nilimchora vilevile alivyo, kichwa chini, ila nilikuwa na haraka na tabaka la chini lilikuwa bichi. Nyeupe ikajichanganya na wekundu wa shavu ikawa uji. Kisu tena. Mara ya tatu nikasubiri siku nne, nikapunguza mafuta ya kitani, nikaanza na kivuli cha kidevu. Hapo akaanza kuning'inia.

Kingine kimenikera. Upande wa kulia wa picha ulikatwa zamani, na kipande chake, chenye askari aliyeshika mkuki wenye shoka, kiko Torino, Italia. Ndiyo maana miraba yangu ya mwisho kulia niliiona kama sentensi iliyokatizwa. Nimenunua kipande cha turubai cha kuunganisha pembeni, lakini fremu niliyokwisha kulipia haitatosha, na fundi hataki hata kusikia.

Jumamosi naanza mikono ya mjakazi, ikiwa Musa atakuwa amekauka.